Ordinatere mupya ya sindika inakataa kuwaka: siku sita za kutafuta

Wandugu wengi wanatuuliza: sindika ya watu wa mine iko na kazi gani na ordinatere? Jibu letu ni fupi: karatasi zinakufa. Fishi ya paye inalowana na mvua, panya wanaikula, ao inabakia mu mufuko wa suruali siku ya kufua. Na pale mutu anafika kudai haki yake, kitu ya kwanza wanamuomba ni ile karatasi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 haina huruma: mwenye kudai mushahara iko na mwaka moja tu, kuanzia siku ile alipaswa kulipwa. Mwaka ukipita, deni limekufa.

Mu biro yetu ya Kolwezi kulikuwa dosie ya wafanyakazi 37 wa sosiete moja ya sutretansi. Hawakulipwa saa za nyongeza tangu mwezi wa saba ya mwaka jana. Miezi 11 kwa watu 37, ni fishi 407, na sisi tulikuwa tayari katikati ya mwezi wa sita. Madai ya ule mwezi wa kwanza yalibakiza wiki sita za kuishi. Fishi zenyewe zilikuwa mu katoni mbili chini ya meza. Zamani delege mumoja alikuwa anaandika liste zetu usiku, ku ordinatere ya biro ya kazi, kwa ruhusa ya chefu wake. Kisha liste ya wenye kulipa kotizasio ikajulikana ku wakubwa. Hatuongeze neno hapo. Tangu siku ile kamati ilikata maneno: mambo ya sindika yataandikwa ku mashini ya sindika.

Tungeweza kununua moja ya okazio, zile za kubeba zenye kutoka Ulaya na Dubai. Bei yake iko chini. Lakini mara nyingi batri imechoka, na siku kitu kimoja kikiharibika ndani, yote inakufa pamoja. Ile ya mezani, yenye kujengwa kipande kwa kipande, kipande kikiharibika unabadilisha kile kile. Watu wa mine hatuhitaji mutu wa kutueleza hiyo. Hakuna atelie yenye kutupa pompi nzima juu ya rulma moja.

Basi tulichanga, vipande vikatoka Lubumbashi, na mutoto wa memba mumoja, kijana mwenye kumaliza masomo ya elektroniki, akavijenga siku ya posho mbele ya macho yetu. Kwa wasomaji wasiojua mashini hizi: kuko karte mere, ubao mukubwa wenye kuunganisha yote. Juu yake kunakaa prosesere, njo kichwa chenye kuhesabu. Kuko bareti za memware, mahali prosesere inatandika kazi yake ya sasa sawa vile mutu anatandika karatasi ku meza. Kuko diski, kabati la kulinda vitu. Na kuko alimantasio, sanduku la chuma lenye kupokea umeme na kuugawa. Yetu ilikuwa na karte mere ya aina ya B450, prosesere Ryzen 5 5600G, bareti mbili za giga 8, diski ya SSD na alimantasio ya wati 450.

Kijana alifunga visi ya mwisho, akafinya butoni. Kimya. Hata taa moja.

Hapo hapo maneno yalianza. Mumoja akasema: «Ku duka batatudanganya, ni bitu bya kufa.» Mwingine, kwa sauti ya chini lakini wote tulisikia: «Mutoto ameichoma.» Ni maneno yale yale tunayasikia ku kazi kila mara mashini inasimama: mbele ya kutafuta sababu, wanatafuta mutu. Delege yeyote anajua inaishia wapi: barua ya kuomba maelezo, kisha kukatwa mushahara, na mashini bado imesimama.

Mu kamati yetu kuko papa mumoja mwenye kutumika miaka 19 chini ya udongo, elektrisie. Ordinatere hajui, anasema wazi hajui. Lakini alivuta kiti, akamwambia kijana: «Mwana, usiniambie nini imekufa. Niambie umeme unafika mpaka wapi.» Kisha akaomba kaye. Kurasa ikagawanywa mara mbili: huku tuliyobadilisha, huku tuliyoona. Na akaweka sharti moja yenye tunayoisifu mpaka leo: kubadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukibadilisha viwili na mashini ikawaka, hutajua ni kipi. Na ikikataa, hutajua tena kama kimoja hakikuwa kizuri na kingine kibaya.

Umeme wa Kolwezi unatoka mbali. Line ya Inga, yenye kuanza kutumika mu 1982, inatembea zaidi ya kilometre 1700 mpaka hapa kwetu, na inaleta umeme wa kwenda njia moja, sawa ule wa pile. Ku stasio ya Kolwezi wanaugeuza kuwa umeme wa kwenda na kurudi, juu mashini za mine na taa za nyumba zinatumika na huo. Alimantasio ya ordinatere inafanya kinyume: inakamata volti 220 za ukuta, inazirudisha kuwa za njia moja, inazipunguza mpaka 12, 5 na 3.3. Papa elektrisie kusikia hiyo alicheka. «Kumbe ni stasio ndogo. Basi tuanze ku line.»

Tulianza ku line. Tundu la ukuta: tulichomeka taa, ikawaka. Kable: tulibadilisha na ile ya ekrani, hakuna kitu. Nyuma ya alimantasio kuko butoni ndogo yenye alama ya 0 na ya mstari, na watu wengi wanaisahau ku 0. Yetu ilikuwa ku mstari. Hapa tunatia onyo moja kwa wenye kununua alimantasio za zamani: zingine ziko na kibutoni chekundu chenye kuandikwa 115 na 230. Ikiwa ku 115 na wewe unachomeka ku ukuta wa Kongo, utasikia mulipuko na kununua ingine. Yetu haikuwa nacho.

Kisha kable mbili zenye kuingia ku karte mere. Moja ni kubwa, ya pini 24, kila mutu anaiona. Ya pili ni ya pini 8, inaingia ku kona ya juu karibu na prosesere, na njo yenye kusahauliwa zaidi, juu imejificha nyuma ya ventilatere. Bila hiyo ya pili, ventilatere inaweza kuzunguka na prosesere isipate chakula. Zote mbili zilikuwa zimeingia mpaka mwisho.

Ikabakia kupima alimantasio yenyewe. Kwanza kuikata ku ukuta, kutoa kable zake zote ndani ya mashini, kisha kuunganisha pini ya 16 ya ile kable kubwa na pini moja nyeusi ya jirani, kwa kipande cha waya wa kushika karatasi, na kurudisha umeme. Ventilatere yake ikazunguka. Papa akaweka multimetre yake: volti 12 na nukta moja. Inaruhusiwa kati ya 11.4 na 12.6. Nzuri. Lakini wasomaji wetu, kupima hivi ni sawa. Kufungua lile sanduku hapana. Ndani kuko kondansatere zenye kulinda umeme hata kisha kuchomoa kable, na zinaweza kukutupa. Mu mine tuko na kanuni: kukata, kufunga na kadena, kupima kwanza, njo kugusa. Ku meza ya biro kanuni haibadiliki.

Na kuko umeme mwingine, ule wa mwili. Mwezi wa sita huku kwetu ni baridi na vumbi, hewa imekauka, mutu anavaa triko ya sufu na ukimupa mukono unapata cheche. Ile cheche, kwako ni kicheko. Kwa bareti ya memware inaweza kuwa mwisho. Kijana alikuwa anagusa chuma cha sanduku kila mara mbele ya kushika kitu, na Mama sekretere alikatazwa kukaribia na shali yake. Alikasirika kidogo.

Siku ya yenga kisha misa tuliendelea. Umeme unafika ku karte mere: taa ndogo ya kijani pembeni ilikuwa inawaka. Basi kwa nini butoni haiiamushe? Butoni ya sanduku iko na waya mbili nyembamba zenye kuingia ku pini mbili za karte mere. Kazi yake yote ni kugusanisha zile pini kwa nukta ya saa, hakuna zaidi. Kijana akachukua turnavisi, akagusa zile pini mbili na ncha yake, mara moja.

Ventilatere zote zikazunguka.

Tulipiga makofi, tunasema kweli. Butoni ya sanduku ilikuwa imekufa ndani, kitu cha franga chache, na kwa ajili yake tungemufukuza mutoto ao kurudisha mashini nzima Lubumbashi. Dawa ilikuwa karibu: pembeni kuko butoni ya pili, ndogo, ya kuanzisha mashini upya. Ndani zote mbili ni kitu kimoja. Kijana alitoa kable ya ile ndogo, akaichomeka mu nafasi ya ile kubwa, na ile ndogo ikawa butoni ya kuwasha.

Lakini furaha haikumaliza dakika tano. Ventilatere zinazunguka, ekrani nyeusi. «Hakuna signali.»

Hapa njo kazi ya kweli ilianza, juu ubaya huu wa pili ni mujanja kushinda wa kwanza. Mashini ya kimya kabisa, unafuata umeme. Mashini yenye kuzunguka bila picha, umeme unao, na unapaswa kutafuta nani asiyejibu. Kila ordinatere ikiwaka inaita majina: prosesere, uko? Memware, uko? Karte ya picha, uko? Mumoja asipojibu, inasimama palepale. Karte mere zingine ziko na taa ndogo nne za kuonyesha imesimama kwa nani. Zingine zinapiga bip kwa kispika kidogo chenye watu wa duka hawapendi kukupa. Yetu ilikuwa na taa. Ile ya prosesere ilikuwa nyekundu, haizimiki.

Hata hivyo papa alikataa kuruka. «Taa inaweza kudanganya, ku sondere pia zinadanganyaka.» Basi siku ya kwanza, jioni kisha kazi, tulifuata moja moja. Ekrani na kable yake tulizijaribu ku mashini ya jirani: nzima. Kable ya picha tulikuwa tumeiingiza ku karte mere, na kwa prosesere yetu ni sawa, juu herufi G ya 5600G inaonyesha iko na sehemu ya picha ndani yake. Zingine hazina, kama Ryzen 5 5600 bila G ao zile za Intel zenye kumalizika na F. Hizo zinadai karte ya picha ya pembeni, na mutu anaweza kukaa wiki mbele ya ekrani nyeusi na mashini haina ugonjwa wowote.

Bareti za memware: inapaswa kufinya kwa nguvu mpaka usikie «tak». Watu wanaogopa kuvunja, wanaacha imeingia nusu. Tulitoa moja, tukaacha moja mu tundu la pili kuhesabu toka ku prosesere. Kisha tukabadilisha na ingine. Nyekundu. Tukatoa ile pile ya duara, CR2032, kable imechomolewa ku ukuta, tukangoja dakika kumi ili karte mere isahau mipango yake yote, tukarudisha. Nyekundu.

Tukifungua ile pile, kijana mumoja wa kamati akauliza kama ndani kuko kobalti yetu. Hapana. Ile ni litiyumu na manganizi, basi ni ndugu wa Kisenge kuliko wa Kolwezi. Kobalti iko mu batri za simu nyingi na za ordinatere za kubeba. Ya mezani inakula vitu vingine vya kwetu: shaba mu kable zote na ndani ya ubao, kasiteriti yenye kufanya bati ya kulehemu, koltani mu kondansatere ndogo ndogo. Inatoka hapa kwa tani na inarudi kwa gramu, mu katoni nzuri, na bei wenyewe munajua. Tuliacha hayo, tukarudi ku kazi.

Siku ya pili tulitoa karte mere nzima ndani ya sanduku na kuiweka juu ya katoni yake. Sababu ni hii: mu sanduku kuko tunguzo tudogo twa shaba twenye kubeba ubao, na kanguzo kamoja kakiwekwa mahali pasipo tundu kanagusa mugongo wa ubao na kupiga shoti. Juu ya katoni hakuna chuma. Tukaacha vitu vinne tu: ubao, prosesere na ventilatere yake, bareti moja, alimantasio. Ukiondoa yote isiyo ya lazima na ubaya ukabakia, basi ubaya uko ndani ya vile vinne. Nyekundu bado. Bareti tulizibadilishana, alimantasio imepimwa. Ilibakia ubao ao prosesere.

Tukapiga simu ku duka. Jibu likaja haraka: «Prosesere imechomeka. Mulichomaka wenyewe ku kujenga. Garanti haikamate kitu ya kuchomeka.» Hakuuliza hata swali moja. Kilometre 300 mbali, hajaona mashini, na tayari amekata neno. Mu chumba kulikuwa kimya, na tuliona kijana ameinamisha kichwa. Dolari 140 za prosesere ni kotizasio za watu wengi. Mama sekretere njo alisema: «Mutu hapewe adhabu mbele ya anketi kumalizika. Iko ku konvansio yetu wenyewe.» Kaye haikufungwa.

Siku ya tatu, kijana alirudi na kitu. Ku ubao, juu ya chipi moja ndogo, kuko karatasi ya kubandika yenye namba. Ile chipi inalinda BIOS, programu ya kwanza kabisa yenye kuamuka na kuita majina, na ile namba ni ya toleo lake. Kwa simu, ku orodha ya mwenye kutengeneza ubao, alisoma kila prosesere inadai toleo gani. 5600G ilidai toleo la nyuma sana ya lile letu.

Tuhesabu miaka. Ubao za B450 zilitoka mu 2018. 5600G ilifika ku maduka mu 2021. Zote ziko na tundu la namna moja, AM4, prosesere inaingia bila kulazimisha, kila kitu ku macho ni sawa. Lakini ubao wetu ulikuwa umelala mu depo tangu zamani, na BIOS yake iliandikwa pale prosesere yetu haijazaliwa. Wenye kutumika ku mine wataelewa mara moja: ni gardie wa ku bariere na liste ya mwaka uliopita. Wewe uko na baji, mukataba umetia saini, jina lako halimo. Hakusemi mwizi, lakini haupite. Hakuna kitu kilichokuwa kimekufa. Hakuna mutu alichoma kitu.

Dawa inajulikana: kuandika BIOS mupya. Ubao zingine za bei ya juu zinaweza kuifanya zenyewe, na kle ya USB, bila prosesere. Yetu hapana. Ilitupasa prosesere ya zamani, yenye jina lake ku liste, ili mulango ufunguke na tubadilishe liste tukiwa ndani. Fundi mumoja wa Manika alikuwa na Ryzen 3 2200G, ya 2018, mu mashini ya mukastomere asiyerudi. Alitukopesha mchana moja, kwa sharti moja: aje na yeye aone.

Ya tano na ya sita, tunaziunganisha. Kutoa ventilatere ku prosesere za AM4 kunataka subira: ile mafuta mazito ya kati yao inakamata sawa gundi, ukivuta wima prosesere inatoka nayo na pini zake zaidi ya 1300 zinapinda. Unazungusha kidogo kushoto, kidogo kuume, mpaka inaachia. Fundi alifanya hiyo mwenyewe. Tukaweka ile ya kukopa, mafuta mapya, bareti moja, kable. Butoni ndogo. Picha ikatokea ku ekrani, ya kwanza tangu siku ya posho. Mama sekretere alipiga kelele ya arusi.

Hakuna mutu alithubutu kuendelea hapo hapo. Juu ya nini? Kuandika BIOS kunachukua dakika chache, lakini umeme ukikatika katikati, ubao unabakia na programu nusu, na ubao wenye programu nusu hauamuke tena kwa njia ya kawaida. Na umeme wa kwartie yetu, wasomaji wanaujua. Tulikuwa na ondilere moja ndogo ya biro. Wengine wakasema inatosha, tuendelee. Papa elektrisie akasema ondilere isiyopimwa ni pambo. Akaweka mashini na ekrani juu yake, akachomoa kable ku ukuta na kuangalia saa. Ilianza kulia, lakini mashini ilibakia inawaka: dakika 11 mpaka akarudisha. Akaandika mu kaye. Tukangoja ondilere ijae tena, saa nzima na nusu, tukikunywa chai.

Kle ya USB ilikuwa imetayarishwa kwa FAT32, na ndani yake fishie moja tu, ya jina kamili la ubao wetu pamoja na namba ya marekebisho yake. Ukiweka ya ubao jirani wenye kufanana, unaua kwa mikono yako. Watu watatu walisoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi. Kisha kijana akafinya. Mustari ukaanza kutembea ku ekrani: kufuta, kuandika, kuhakikisha. Fundi alisimama karibu na mulango kuzuia mutoto yeyote asikimbie ndani na kukanyaga kable. Mustari ukafika mwisho, mashini ikajizima, ikajiwasha. Tulirudisha 5600G yetu. Taa nyekundu ikawaka nukta mbili hivi, ikazimika, na jina la prosesere likaandikwa ku ekrani, kamili.

Kisha hapo ilisema haina diski ya kuanzia. Wengine walishituka tena, lakini hii haikuwa ubaya: diski mupya ni tupu, haina programu. Tuliweka Linux, ya bure, na programu ya kuandika ya bure, juu Windows ya kuiba inayotembea ku kle za mujini inakuja mara nyingi na virusi, na dosie ya watu 37 si mahali pa kujaribu.

Picha za kaye tulizituma ku duka, na ile namba ya chipi. Jibu lilikuwa neno moja: «Sawa.» Hatukudai kitu, juu hakuna kilichokufa. Lakini mwenye kuuzisha ubao wa zamani pamoja na prosesere ya nyuma yake anapaswa kuwaambia watu, ao kuifanya ile kazi ya dakika chache mbele ya kufunga katoni. Wenye kununua, ombeni toleo la BIOS liandikwe ku fakture.

Fishi 407 hazikuwa zote. Watu waliweza kuleta 371. Tulizipiga picha kwa simu usiku tano, watu wawili wawili, mumoja anashika, mumoja anasoma jina. Dosie iliingia ku Inspeksio ya Kazi tarehe 8 mwezi wa saba, na kopi yenye kashe iko na sisi. Kopi za yote ziko ku kle mbili, mu nyumba mbili ambazo hatutazitaja hapa. Wale ambao fishi zao za miezi fulani zilipotea, wapite biro siku ya posho asubuhi na baji zao. Na mwenye kukuta mashini imezima: ile butoni kubwa ya mbele haitumike, mufinye ile ndogo.